Rakori inaingia, lakini inafaa?

Ukurasa wa ufundi wa mwezi huu unaelekea zaidi vijana wa atelie. Lakini baba na mama wasiupite haraka, maana mara nyingi ni pesa ya nyumba ndiyo inanunua vyuma hivi, na ni ndani ya lupango ya nyumba ndimo vinafungwa, karibu na jiko na karibu na watoto wanaocheza.

Kijana wenu anarudi kutoka mjini na kifuko kidogo. Ndani kuna rakori nne za shaba njano, za kufunga tiyo ya hewa. Anafika kwa mashini, anazijaribu. Mbili zinakataa kabisa kuingia. Ya tatu inaingia lakini inapiga filimbi. Ya nne inaingia vizuri, anaikaza kwa nguvu, anafurahi. Wote nyumbani watasikitika juu ya zile mbili zilizokataa, kwa sababu ni pesa iliyopotea. Sisi tunataka kuongea juu ya ile ya nne. Ile inayokataa inakula pesa tu. Ile inayokubali nusu inaweza kula jicho.

KINYUNYIZI NI KITU GANI

Chuma kinapokatwa kinapata moto, na kisu kinachokikata kinapata moto kupita chuma chenyewe. Katika atelie kubwa, sawa vile zile za Panda kule Likasi, wazee wetu walizoea kuona maji meupe kama maziwa yakimwagika juu ya kazi bila kuisha. Ni maji yaliyochanganywa na mafuta ya pekee. Pompi inayavuta kutoka chini ya mashini, yanarudi, yanavutwa tena. Lakini turu au frezezi iliyofika ndani ya lupango mara nyingi ni ya zamani. Pompi yake ilikufa, sinia la chini limetoboka, na maji yenyewe tunayabeba kwa bidoni kutoka fasi ya mbali.

Ndiyo sababu vijana wengi wanapenda kinyunyizi. Hewa ya kompresere inapita kwa nguvu ndani ya tundu nyembamba. Inapopita inavuta maji ya mafuta kutoka kwa chupa, kama vile mtu anavyovuta soda kwa mrija, na kuyatupa kwa matone madogo juu ya ncha ya kisu. Matone yanapoza, hewa inafukuza makapi ya chuma. Hakuna pompi, hakuna sinia, na chupa moja inaenda mbali.

Tuseme ukweli: siyo kila mtu anakihitaji. Kama unazungusha chuma cha kawaida polepole kwa turu, kopo la mafuta na burushi vinatosha, na pesa yako ibaki mfukoni. Kinyunyizi kinaonyesha faida yake kwa aluminiamu, ambayo inapenda kunata kwa kisu, na kwa freza ndogo zinazozunguka mbio.

Sasa hesabu mahali ambapo kitu kimoja kinafungwa na kingine: kompresere na tiyo, tiyo na chujio, chujio na tiyo nyembamba, tiyo nyembamba na kichwa cha kinyunyizi, kichwa na mkono wake unaopindika, halafu tiyo ya maji na chupa yake. Zinafika sita. Na kila kipande kinaweza kuwa kimetoka nchi nyingine.

JUU YA NINI HAVIPATANI

Mwaka 1841 fundi Mwingereza, Joseph Whitworth, alitaka mafundi wa kwao waache kila mmoja kukata meno ya vise kwa namna yake. Akapendekeza meno yenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1864, kule Philadelphia, Mmarekani William Sellers akapendekeza meno ya digrii 60 kwa nchi yake. Wote wawili walikuwa na akili, na wote wawili walifuatwa. Tangu hapo dunia ina familia mbili za meno ya tiyo. Ya kwanza ni ile baba zetu wanaiita «gaz», kwa sababu tiyo za kwanza zilibeba gazi ya taa. Uingereza inaitumia, Ubelgiji na Ufaransa vilevile, na Afrika ya Kusini kwa sehemu kubwa. Ya pili ni ya Marekani, inaandikwa NPT. Kisha ikaja familia ya tatu, ya milimita, inayoandikwa kwa herufi M: M5, M10, M14.

Tazama sasa historia ya fasi yetu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mashini zake zilitoka Ubelgiji, Uingereza, hata Marekani. Gécamines ilirithi vyote. Mwaka 2003 wafanyakazi wake zaidi ya 10 000 waliacha kazi katika mpango ule wa kuondoka kwa hiari, na ufundi wa wengi wao ukahamia kwa malupango. Baada ya sheria ya migodi ya 2002, na zaidi baada ya mkataba na Wachina wa 2008, makampuni mapya yakaingia na vyuma vyao. Vitu vingine vinapita Kasumbalesa kila siku kutoka kusini. Kwa hiyo juu ya meza moja ya sokoni unakuta gaz, NPT na milimita ndani ya sahani moja, zote zinang'aa sawasawa. Na muuzaji haongopi. Sikia namna wanavyoongea:

«Mama, iko rakori ya un quart?»

«Iko, mwanangu. Hii njo un quart.»

Wote wawili wamesema kweli. Un quart ya gaz ni un quart, na un quart ya NPT ni un quart. Lakini siyo ndugu.

PIMA, USISOME JINA TU

Kitu cha kwanza kinachochanganya vijana ni hiki: rakori ya 1/4 haina robo ya inchi mahali popote unapoweza kuipima kwa nje. Inchi moja ni milimita 25,4, kwa hiyo robo yake ni 6,35. Lakini ukipima meno ya rakori ya 1/4 utapata karibu milimita 13. Jina linatoka kwa tiyo za chuma za zamani, zenye ukuta mnene, ambazo tundu yake ya ndani ndiyo ilikuwa karibu na robo. Tiyo zimebadilika, jina limebaki. Basi usiende mjini na rula kutafuta kitu cha milimita 6.

Azima pied à coulisse kwa ajisteri wa kartiye yako, kisha pima upana wa meno ya rakori ya kiume, kutoka mgongo wa jino hadi mgongo wa jino la upande wa pili. Gaz ya 1/8 inapima 9,7. Gaz ya 1/4 inapima 13,2. Gaz ya 3/8 inapima 16,7. Gaz ya 1/2 inapima karibu 21. Za NPT zimezidi kidogo: 1/8 ni 10,3, 1/4 ni 13,7, 3/8 ni 17,1, na 1/2 ni 21,3. Andika namba hizi juu ya kikaratasi ukibandike ndani ya mlango wa atelie.

Umeona hatari ilipo? Tazama ile ya 1/8, ambayo vichwa vya vinyunyizi vinaitumia mara nyingi. Gaz 9,7. NPT 10,3. Na katikati yao kabisa inakaa M10 ya milimita, ambayo vifaa vingine vidogo vinakuja nayo. Tatu ndani ya nafasi ya nusu milimita na kitu. Jicho haliwezi kuzitenganisha. Tena M14 inakaribia sana NPT ya 1/4.

Kwa hiyo upana peke yake hautoshi. Lazima uangalie meno. Gaz ya 1/4 ina meno 19 ndani ya inchi moja, NPT ya 1/4 ina 18. Gaz ya 1/8 ina 28, NPT ya 1/8 ina 27. Lakini rakori ni fupi, hutapata inchi nzima ya kuhesabu. Wazee wa ajistaji wana njia iliyo rahisi kupita kuhesabu. Chukua rakori ya kiume ambayo unaijua kwa hakika, iweke ubavu kwa ubavu na ile usiyoijua, meno ndani ya meno, kisha uziinue mbele ya dirisha. Kama ni za familia moja, meno yanalaliana kutoka mwanzo mpaka mwisho na mwanga haupiti. Kama siyo, meno mawili matatu ya kwanza yanaingiliana, kisha yanaanza kupanda moja juu ya lingine na mwanga unatokea. Njia hii haihitaji pesa wala umeme.

Mtego mbaya kabisa ni wa 1/2. Hapo gaz na NPT zote zina meno 14 kwa inchi. Dirisha litakudanganya. Rakori itaingia kwa mkono, itakaza kwa ufunguo, itakaa. Lakini pembe ya meno ni 55 upande mmoja na 60 upande mwingine, basi yanagusana kwa mstari mwembamba tu, hayajazani. Kijana anaongeza tefloni, inanyamaza. Mashini inatetemeka wiki mbili, shaba njano ya upande wa kike inapasuka kimya-kimya, na siku moja rakori inatoka yenyewe na kilo 7 za hewa nyuma yake. Wasomaji wa Injili wanaujua ule mfano wa kiraka kipya juu ya nguo kuukuu; ndivyo inavyotokea hapa.

Baba zetu waliotumika chini ya ardhi hawahitaji kuelezwa. Tiyo yenye tundu ya milimita 25, kwa kilo 7, inasukumwa na nguvu ya kilo 34 hivi. Ikitoka kwa rakori yake inapiga kama nyoka. Ndiyo sababu kule mgodini rakori zile kubwa za kucha zinatiwa pini, tena kamba ya chuma ya usalama kutoka tiyo moja hadi nyingine. Tiyo ya atelie ni nyembamba, nguvu yake ni ndogo, lakini ncha yake imebeba kipande cha chuma, na inatoka mbele ya uso wako kwa sababu umeinama kuangalia kazi.

TIYO NYEMBAMBA

Kutoka kwa chujio mpaka kwa kichwa cha kinyunyizi, mara nyingi ni tiyo ya plastiki inayosukumwa tu ndani ya rakori mpaka inashikwa na meno ya ndani. Ni kitu kizuri, hakihitaji ufunguo. Lakini hapa inchi na milimita zinapigana tena, na tena siyo kwa kila kipimo.

Tiyo ya 1/4 ya inchi inapima 6,35 kwa nje. Haiingii katika rakori ya milimita 6. Kinyume chake, tiyo ya milimita 6 inaingia katika rakori ya 1/4, lakini pete ya mpira haiishiki vizuri: itavuja, au itatoka. Kati ya 3/8 na milimita 10 ni hivyohivyo, kati ya 1/2 na 12 pia. Lakini tiyo ya 5/16 inapima 7,94, kwa hiyo inakaa vizuri katika rakori ya milimita 8. Na 5/32 ni 3,97, inapatana na milimita 4. Kama unaweza kuchagua, chagua 8 kwa upande wa hewa na 4 kwa upande wa maji, maana utazipata hata kama muuzaji anauza za inchi.

Kata ncha ya tiyo kwa wembe, iwe sawa kabisa, isiwe na mdomo wa mshazari. Sukuma mpaka ifike chini. Kuna hatua mbili, wengi wanasimama kwa ya kwanza. Kisha vuta kwa mkono. Kama inatoka kwa mkono wako, ujue itatoka kwa hewa.

Na tafadhali, tiyo ya kumwagilia bustani iliyofungwa kwa waya siyo tiyo ya hewa. Jua linaikausha, mafuta yanaivimbisha, na waya inakata mpira wake kidogo-kidogo. Nunua kolye ya kweli.

RAKORI ZA KUFUNGA HARAKA

Kwa kompresere tunapenda rakori inayofunga kwa kusukuma na kufungua kwa kuvuta pete. Hapa haiulizwi meno tu, inaulizwa pia umbo la ncha. Kuna umbo la Ulaya, linaloandikwa 7,2 au 7,4. Kuna ISO 6150 B, ambalo Wamarekani wanalitumia sana. Kuna ARO 210, nalo ni la Marekani. Kuna la Kijapani, linaloandikwa 20SM na 20PM, ambalo maduka yenye bidhaa za China yanaliuza kwa wingi. Ukiyaangalia haraka utasema ni watoto wa mama mmoja. Mengine yanaingiliana nusu: unasikia «tak», unaachilia mkono, na hewa inaanza kulia kando-kando. Hiyo «tak» siyo ushahidi.

Maoni yetu ni haya: usitafute umbo lililo bora duniani. Tembea katika maduka matatu ya mji wako, angalia ni lipi linauzwa katika yote matatu, halafu atelie nzima iwe na hilo moja tu. Rakori nzuri ya pekee ambayo hutaipata tena ikivunjika ni mzigo. Mtu akikupa kwa zawadi kifaa chenye umbo lingine, toa ncha yake, weka ya kwako. Ncha inaondoka kwa ufunguo, na chini yake utakuta meno ya 1/4, unajua sasa namna ya kuyapima.

Kabla ya kufungua rakori ya haraka, funga robine na toa hewa iliyobaki ndani ya tiyo. Umeme ukikatika usidhani hewa nayo imekatika: tangi bado limejaa, na kilo zake ni zilezile.

UNAPOENDA KUNUNUA

Usiende na maneno, nenda na kipande. Toa rakori ya zamani, hata kama imevunjika, uifunge ndani ya kitambaa uibebe. Kama haiwezi kutoka, bonyeza kipande cha sabuni laini juu ya meno ya kiume. Alama ya meno itabaki juu ya sabuni na utaweza kuilinganisha dukani. Beba pia upande wa kike kama unaondoka. Jaribu mbele ya muuzaji, kwa mkono, bila ufunguo. Meno ya kunyooka yaende mpaka chini kwa vidole. Meno ya mshazari yaende mizunguko mitatu au minne kisha yaanze kukaza polepole. Kama yanakaza ghafula baada ya mzunguko mmoja na nusu, ni familia nyingine, rudisha. Na umwambie muuzaji kwa heshima: «Mama, hii ni NPT, mimi natafuta gaz.» Siku nyingine atakuwa amekutengea zako pembeni, kwa maana wauzaji wengi wanapenda kujua bidhaa yao.

Kuna vipande vya kati, upande mmoja gaz na upande mwingine NPT. Ni vizuri, tena vya halali. Lakini kimoja kinatosha. Tumeona katika malupango mengine rakori nne zilizopangwa mfululizo ili kufika kwa kipimo kinachotakiwa, ndefu kama kidole, na tiyo nzito inaning'inia mwisho wake. Mkono mmoja wa mtoto ukigonga hapo, shaba inakatika.

Juu ya tefloni, maneno machache. Izungushe upande uleule ambao rakori inakaza, mizunguko mitatu hivi, na jino la kwanza libaki wazi. Hiyo siyo sheria ya urembo. Kipande kidogo cha tefloni kikiingia ndani kinasafiri na hewa mpaka kwa tundu ya kinyunyizi, na tundu ile ni nyembamba sana. Utafungua mashini nzima kutafuta ugonjwa, kumbe ni uzi mweupe. Rakori ya meno ya kunyooka yenye pete ya mpira haihitaji tefloni hata kidogo. Ni pete ndiyo inaziba.

Ukisha kufunga vyote, fungua hewa kidogo na upake maji ya sabuni kwa kila kifungo. Upande wa hewa utaona povu. Upande wa maji hutaona kitu, kwa sababu kule hewa inavutwa kwenda ndani, haitoki. Ugonjwa wake unajulikana kwa dalili nyingine: kinyunyizi kinakohoa, kinatema, kinanyamaza, kinatema tena. Hapo kaza rakori ya tiyo ya maji kabla ya kulaumu kompresere. Na chupa ikae chini ya kichwa cha kinyunyizi, maana ikiwa juu, maji yataendelea kudondoka hata ukifunga hewa. Wakati wa mvua toa maji ya tangi na ya chujio kila asubuhi, kwa kuwa hewa yetu ya miezi ile imebeba maji mengi.

KUTOPATANA KWA MAKUSUDI

Mpaka hapa tumeongea juu ya rakori zisizopatana kwa sababu ya historia. Lakini kuna nyingine ambazo watu wenye akili walizifanya zisipatane kwa makusudi. Angalia kwa soderi wa kartiye. Rakori ya asetileni inakaza kwa kushoto na mti wake umechongwa alama. Ya oksijeni inakaza kwa kulia. Walifanya hivyo ili hata usiku, hata mtu amechoka, asiweze kufunga moja fasi ya nyingine.

Kijana asiye na kompresere anaweza kufikiri: jirani ana chupa ya oksijeni, nayo ina nguvu, nitatafuta rakori ya kati. Tunakuomba, usifanye. Mafuta yakikutana na oksijeni safi yenye nguvu yanaweza kuwaka bila kiberiti, na kinyunyizi kimejaa mafuta. Hapo rakori ya kati siyo ufundi tena. Kama huna kompresere, rudi kwa kopo na burushi.

MAPAFU YA NYUMBA NZIMA

Mama mmoja anaweza kuuliza: hii harufu inayofika jikoni, haina neno? Ina neno. Kinyunyizi kizuri kinalowesha kisu. Hakijazi nyumba moshi. Kama unaona wingu linaelea, hewa ni nyingi kupita maji yanavyotaka. Punguza hewa kwanza, kisha maji, mpaka matone yanatua juu ya chuma. Fungua dirisha na mlango, na mtoto mchanga asilale chumba cha pili kutoka kwa mashini. Kitambaa juu ya pua hakizuii matone haya.

Mwaka 2003 na 2004, katika kiwanda kimoja cha injini za magari kule Birmingham, Uingereza, wafanyakazi zaidi ya 80 walipata ugonjwa wa mapafu, na uchunguzi ukaelekea kwa maji ya mafuta ya kukatia chuma. Kiwanda hicho kilikuwa na madaktari na mainjinia. Maji haya yakikaa yanaoza, vidudu vinazaa ndani, kisha mashini inavirusha hewani. Kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya mafuta kwa 20 za maji, na unamwaga mafuta ndani ya maji, siyo maji ndani ya mafuta. Changanya ya siku chache tu. Yakinuka, mwaga mbali na kisima, osha chupa kwa maji ya moto na sabuni.

Wengine wanatia mazutu, au mafuta yaliyotoka kwa injini ya gari. Mazutu katika matone madogo yanashika moto upesi kwa cheche moja. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika yana sumu inayoleta kansa. Usiyarushe katika hewa ambayo mke wako na watoto wanavuta.

Neno lingine kwa wazazi: hewa ya kompresere siyo mchezo wa kupuliziana. Hewa ikisukumwa ndani ya mwili, kwa mdomo, kwa sikio au fasi nyingine, inapasua. Imekwisha kuua vijana waliokuwa wanacheka. Hata kwa kusafisha vitu, sheria ya Marekani inataka hewa isipite kilo 2 hivi. Tena usipulize juu ya nguo ambazo mtu amevaa.

Zile rakori zilizokosea, usizitupe kwa hasira. Tafuta kopo la maziwa lenye kifuniko, funga kila moja kwa uzi na kikaratasi: gaz 1/4, NPT 1/8, M10, tiyo ya 6. Jirani aliyepata mashini ya Kimarekani atakuja siku moja akitafuta NPT ya 1/8 toka asubuhi, miguu imejaa vumbi. Mfungulie kopo, na mwulize kama kwake hakuna gaz.